Siku Niliyoliacha Goli Wazi

Kama sehemu ya kwanza ya kisa hiki kwenye gazeti la Jumamosi iliyopita ilikupita, hujakosa raha yoyote. Umekosa tu kunisikia nikilia ndani ya gari nje ya mahakama ya Hamilton, mwanamume mzima wa miaka thelathini na sita, meno manne ya mbele ya bandia.

Kwa ufupi, naitwa Orest Prystupa, kipa wa hoki ya barafuni. Mke wangu Darlene aliniacha, akaolewa na muuza matrekta, na sasa anataka kumhamishia binti yetu Lesia kule Red Deer, mwendo wa saa nne kwa ndege. Jaji alisema mtoto atabaki na mimi kwa sharti moja tu: nioneshe kwamba nina kazi ya kudumu hapa hapa mjini. Kesi Alhamisi. Na mkataba wangu na timu ulikuwa unaisha Jumamosi kabla ya hapo, siku ya mechi ya mwisho ya msimu.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, simu ikalia. Alikuwa meneja wetu, Bwana Wendell Crombie.

"Orest, pita ofisini kwangu kabla hujavaa."

Crombie hamwiti mtu ofisini kumpa chai. Tangu Januari alikuwa amewaita wachezaji saba, na wote saba walitoka humo wakaenda kufunga mabegi. Nahodha aliuzwa. Mfungaji wetu bora aliuzwa. Kipa namba moja aliuzwa saa sita mchana akiwa nyumbani anachemsha tambi zake za kabla ya mechi. Sufuria tulikwenda kuitoa jikoni sisi.

Watu huniuliza kila siku: eti ni kweli timu mbovu zinashindwa makusudi? Maana ligi yetu ina utaratibu wake. Kila mwaka timu zinachagua vijana wapya, na iliyoshika mkia ndiyo inayopewa nafasi kubwa ya kuchagua wa kwanza. Mwaka huu kijana aliyekuwa anagombewa ni Étienne Gaboury, miaka kumi na minane, na waliomwona wanasema hajazaliwa mwingine kama yeye.

Basi nikujibu. Nimecheza miaka kumi na minne. Sijawahi hata siku moja kumsikia mtu akisema, "Jamani, leo tushindwe." Mchezaji gani atakubali? Huyo kijana akija, atakaa kwenye kiti cha nani? Changu au chako! Kinachofanyika ni kwamba wanaojua kushinda wanauzwa mmoja mmoja, halafu nyinyi mliobaki mnaambiwa mjitume.

Nikaingia ofisini. Crombie alikuwa anakula kitobosha cha siagi, makombo yamejaa kwenye tai.

"Kaa, Orest. Nyonga inaendeleaje?"

"Nzima, bosi."

Uongo mtupu. Asubuhi ile soksi nilizivaa nimelala chali.

"Safi. Leo unaanza wewe golini."

"Mimi? Na Fortier je?"

"Fortier ana mafua."

Fortier, yule kipa wetu kijana, nilikuwa nimempita ukumbini dakika mbili zilizopita. Alikuwa anapiga danadana na wenzake, anacheka mpaka machozi. Mafua ya wapi?

"Bosi, Fortier nimemwona..."

"Orest." Akaweka kitobosha chini. "Mwakani tunahitaji kocha wa makipa. Mkataba wa miaka mitatu. Nimekufikiria wewe. Najua una mambo yako ya mahakamani. Leo yakienda vizuri, Jumatatu tunasaini."

Nilitaka kumkumbatia na makombo yake. Miaka mitatu! Lesia anabaki shuleni kwake, anabaki na timu yake ya watoto, anabaki na mimi.

"Yakienda vizuri vipi, bosi?"

Akafuta vidole kimoja kimoja.

"Msimamo wa ligi unaujua."

Niliujua. Wote tuliujua kama tunavyojua majina yetu. Sisi tulikuwa wa pili kutoka mkiani, pointi hamsini na moja. Milwaukee walikuwa mkiani, pointi hamsini. Na mechi ya mwisho, basi tu dunia ilivyo na visa, ilikuwa sisi na wao. Tukifungwa, wanapata pointi mbili, wanatupita, mkia unakuwa wetu. Lakini lazima tufungwe ndani ya dakika sitini. Tukienda sare mpaka dakika za nyongeza, kila timu inapata pointi yake, na hata Milwaukee wakishinda humo na kuongeza moja, tunalingana tu; wao, walioshinda mechi chache kuliko sisi, wanabaki mkiani wao na Gaboury wao.

"Unataka nifungwe?" nikamuuliza.

"Nani kasema hivyo?" Akainuka kama aliyekalia sindano. "Usiniwekee maneno mdomoni! Nimesema ufungwe mimi? Mimi nataka ucheze kama unavyocheza siku zote hizi. Basi. Ucheze hivyo hivyo."

Nilipofika kwenye ngazi ndipo nikaelewa. Huyu mtu hakuwa ananiomba niuze mechi. Hakuona haja. Alinipanga kwa sababu aliamini mimi nikisimama golini ni sawa na goli tupu.

Jamani, niliumia. Sitaki kusema uongo, niliumia kuliko siku Darlene alipoondoka. Lakini nikamkumbuka Lesia, nikameza.

Wakati wa kupasha misuli, makipa wa pande mbili hujinyoosha karibu na mstari wa kati, kila mmoja upande wake. Kipa wa Milwaukee alikuwa Jānis Krūmiņš, Mlatvia, tuliwahi kucheza timu moja zamani. Tunaelewana.

"Orest! Na wewe leo wamekutoa kabatini?"

"Wanasema Fortier ana mafua."

"Wa kwetu anaendesha tumbo," akasema.

Tukacheka. Halafu tukaacha kucheka kwa pamoja, kila mtu akarudi kwake.

Mechi ilianza saa nane mchana. Uwanja ulijaa, na nusu ya mashabiki wetu walikuwa wamevaa jezi ya Hamilton yenye jina la Gaboury mgongoni, mtoto ambaye hajawahi kukanyaga hata mlango wetu. Lesia alikaa safu ya nne na jirani yetu. Ana miaka tisa, na yeye ni kipa vilevile, wa timu ya watoto ya mtaani kwetu. Mimi ndiye ninayemfundisha.

Nikajiambia, Orest, ni rahisi. Kisahani kile tunachopiga badala ya mpira kikija, wewe chelewa kidogo tu. Nusu sekunde. Nyonga yenyewe itakusaidia.

Mpigo wa kwanza ukaja, kisahani cheusi kinaimba hewani. Nikajiandaa kuchelewa. Mkono ukaenda wenyewe, pap, nikakidaka.

Uwanja mzima ukaguna. Mashabiki wangu mwenyewe!

"Baba! Baba! Baba!" Sauti moja tu, kutoka safu ya nne.

Wa pili ukaja chini. Mguu ukanyooka wenyewe, nyonga ikalia kwa maumivu, kisahani kikagonga nje. Wa tatu nikaupangua kwa bega bila hata kuuona. Miaka kumi na minne ya mazoezi haikuwa na habari na kesi yangu ya Alhamisi.

"Achia moja, babu!" Jamaa mmoja alikuwa anagonga kioo cha uzio nyuma yangu. "Achia moja twende nyumbani! Unataka kujionesha kwa nani na uzee huo?"

Beki wetu Dale Hennigar akaja kunigonga miguuni kwa gongo lake la kuchezea, tunavyopongezana.

"Mzee umekula nini leo?"

"Nyamaza, Dale. Kabeni watu bwana."

"Ah, ukiwa hivi hata hatuhitaji kukaba!"

Kipindi cha pili wakafunga moja, na uwanja ukalipuka kwa furaha. Watu elfu kumi na saba wanaimba "Gaboury! Gaboury!" kwa sababu mimi nimefungwa. Nikashusha pumzi. Lesia alikuwa amejifunika uso kwa skafu. Nikajisemea, vumilia mwanangu, baba anakutafutia nyumba.

Hazikupita dakika nne, Hennigar, mtu ambaye hakuwa amefunga goli msimu mzima, akapiga ovyo kutoka mbali. Kisahani kikagonga mguu wa mtu, kikagonga mwamba, kikaingia. Bao moja kwa bao moja. Hennigar mwenyewe hakuamini, alisimama mdomo wazi huku mashabiki wetu wakimzomea.

Tukaingia kipindi cha tatu hivyo hivyo. Nikaokoa tena. Na tena. Nilikuwa nalia ndani ya kofia yangu ya chuma, na hakuna aliyejua, jasho na machozi ni yale yale. Siku nyingine za maisha yangu niliomba Mungu anipe mchezo kama ule. Akanipa siku niliyomwomba aninyime.

Zikabaki dakika mbili. Milwaukee nao wakawa wanapasiana polepole. Sare iliwatosha kabisa. Kila sekunde iliyopita, niliiona Red Deer inakaribia.

Hapo ndipo Hennigar akamkwatua mtu wao kwa gongo, na refa akanyanyua mkono.

Niwaambie mambo yanavyokwenda. Refa akiona faulo hapulizi filimbi papo hapo. Ananyanyua mkono, anasubiri mpaka timu iliyofanya faulo imiliki kisahani, kukipangua tu hakuhesabiki, ndipo anapuliza. Kwa hiyo timu iliyofanyiwa faulo haina cha kuogopa. Kipa wake anakimbilia benchi, anaingia mshambuliaji wa ziada. Faulo ilikuwa yetu, kwa hiyo wa kutoka alikuwa Krūmiņš. Na kweli nikamwona kule mbali anateleza mbio kwenda benchi lao.

Wakapiga. Nikaokoa kwa goti. Kisahani kikarudi kwa mtu wao, kwenye kona, amenipa mgongo.

Na wazo likaniingia.

Makipa hukosea hapa. Unaona mkono wa refa, unadhani faulo ni ya wapinzani, unatoka mbio, kumbe ni ya kwenu. Imewakuta wakubwa kuliko mimi. Watu hucheka wiki moja, wanasahau. Hakuna anayekufukuza kazi kwa kukosea.

Nilijua faulo ni yetu. Naandika hapa kwa mara ya kwanza: nilijua. Sikukosea, sikuteleza, sikuchanganyikiwa. Nililiacha goli wazi kwa akili zangu timamu, nikakimbilia benchi.

"Unakwenda wapi?" Kocha wetu, Gord Vandersluis, alikuwa karibu kuruka ukuta. Maskini, yeye alikuwa bado anataka kushinda. "Orest! Rudi! Orest, umelogwa?"

Sikurudi. Nikaruka ndani ya benchi, nikageuka kuangalia nikifungwa.

Magoli yote mawili yalikuwa matupu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Krūmiņš kwenye benchi lao, mimi kwenye benchi letu, tunatazamana kama watu waliokosea treni.

Beki wao aliyekuwa nyuma akaliona goli langu lilivyo wazi. Akapata tamaa, akachomoka mbio kuja mbele. Wakati huo huo mwenzake wa kule kona, ambaye hakuwa ameona lolote, akarudisha pasi nyuma bila kutazama, pale pale beki anaposimama siku zote.

Beki hakuwepo tena.

Kisahani kikapita. Kikavuka mstari wa kati. Kikaendelea polepole juu ya barafu, kinakwenda kule kwao, na hakuna mtu kati yake na goli lao. Watu wawili wakakikimbiza. Krūmiņš akaruka kutoka benchi, akaanguka kifudifudi.

"Simama," nikasema. "Simama, simama, kata kona, simama!"

Kikaingia katikati kabisa.

Halafu spika ikatangaza, kwa sauti ile ya sherehe isiyojua aibu. Timu ikijifunga, goli anapewa mchezaji wa mwisho wa upande wa pili aliyegusa kisahani. Na wa mwisho kugusa, kwa goti lake la kushoto, alikuwa nani?

"Mfungaji, namba thelathini na moja... Orest... Prystupa!"

Mechi mia nne na kumi na mbili. Goli langu la kwanza maishani.

Wenzangu walinirukia juu ya nyonga mbovu, wakanivuruga kichwa, Hennigar akanibusu kwenye kofia. Mashabiki walitupa vikombe vya bia. Sekunde zilizobaki tukazimaliza salama, kwa sababu Milwaukee hawakujaribu hata kupiga. Mbili kwa moja. Tumeshinda, na wao mkia ni wao.

Nilitembea kuelekea chumba cha kuvalia kama ninayekwenda kuzikwa. Crombie alikuwa ananisubiri kwenye korido. Akanishika mkono, akanivuta nyuma ya toroli la taulo.

"Bosi, nisamehe. Mimi nili..."

"Nyamaza unisikilize. Watu wa ligi wako juu. Wametuchunguza tangu Machi, wanasikia maneno. Sasa wanaangalia mkanda wako wa kutoka golini kwa mara ya sita."

Nikatazama ngazi za kwenda juu.

"Utakachosema ni neno moja," akasema. "Ulikosea. Ulidhani faulo ni yao. Sema hivyo, ucheke, watu wacheke, kesho yamekwisha. Jumatatu tunasaini, neno langu ni lile lile. Ukisema kingine chochote, mimi na wewe hatujawahi kuongea, na hakuna timu itakayokupa hata kazi ya kufagia. Umeelewa?"

"Kazi bado ipo?"

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, bosi. Nilikosea. Nilidhani ni yao."

Nilikuwa tayari kumkumbatia tena. Uongo mmoja, wa kitoto, wala haumdhuru mtu! Lesia angebaki.

Siku ya mechi ya mwisho familia huruhusiwa kuingia chumbani. Wake, watoto, mabibi na keki zao, kila mtu ndani. Lesia akapenya katikati ya watu, akanirukia shingoni na jasho langu lote.

"Baba umefunga! Umefunga kweli!"

"Nimefunga, mama. Kaa hapa na mimi."

Akakaa kwenye benchi kando yangu, mkono wake ndani ya glavu yangu. Waandishi wakatuzunguka, kamera tatu, moja inarusha moja kwa moja. Wote wanatabasamu. Habari tamu kama ile hawaipati kila mwaka.

"Orest, hebu tuambie, pale ilikuwaje?"

Nikacheka, kama nilivyoagizwa.

"Uzee, ndugu zangu. Nimeona mkono wa refa, nikadhani faulo ni ya Milwaukee. Nikatoka mbio. Kocha ananiita, nadhani ananishangilia!"

Kicheko chumba kizima. Hata Vandersluis alicheka, anatikisa kichwa. Mlangoni Crombie akapumua, akachukua kipande cha keki.

"Lakini baba," akasema Lesia.

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha. Mwandishi mmoja, mwanamke mwenye miwani, akamsogezea kipaza sauti kwa utani.

"Eeh, kocha mdogo, sema."

"Kisahani walikuwa nacho Milwaukee," akasema Lesia. Alikuwa ananieleza mimi, kwa upole, vile ninavyomweleza yeye mazoezini anapokosea. "Ingekuwa faulo yao, refa angepuliza filimbi pale pale walipokimiliki. Na hakupuliza. Kwa hiyo ilikuwa yetu. Ulinifundisha wewe: usitazame mkono, tazama nani ana kisahani."

Hakuna aliyecheka tena. Makipa wanakosea, ndiyo, lakini hukosea kisahani kikiwa kinagombewa. Si wakati wapinzani wanacho kwenye kona, mbele ya macho yako, baada ya wewe mwenyewe kukipangua. Kila mtu mle chumbani amecheza hoki tangu ana miaka minne. Niliwaona wakirudisha picha kichwani, mmoja mmoja. Hennigar aliinamisha macho, akaanza kufungua kamba za viatu alivyokwisha kuvifungua.

Mwanamke mwenye miwani hakuwa anatabasamu.

"Mtoto yuko sahihi, Orest. Ulitoka kwa nini?"

Nikamtazama Crombie. Keki ilikuwa mkononi, hajaila. Alikuwa anatikisa kichwa, taratibu, hapana, hapana.

Mkono wa Lesia ukatoka ndani ya glavu yangu. Nikisema ukweli, kazi imekwenda na Alhamisi wanampandisha ndege. Nikirudia uongo, ninamdanganya usoni, na yeye tayari anajua.

"Baba," akasema, sasa kwa sauti ndogo, lakini kipaza sauti kilikuwa bado kiko mbele yake. "Ulitaka tufungwe?"

(Itaendelea Jumamosi ijayo.)